Mawe Matatu ya Bibi Kamado

Kisiwa chetu cha Iribaru kina watu mia nne na ushei, zahanati moja, daktari mmoja anayebadilishwa kila baada ya miaka miwili, na uwanja mmoja tu wa maana, ule wa shule ya msingi. Mgonjwa akizidiwa, daktari hupiga simu kisiwa kikuu cha Okinawa, na baada ya dakika thelathini na tano helikopta ya wagonjwa hutua pale pale watoto wanapokimbizana. Kabla haijatua ni lazima mchanga umwagiwe maji, la sivyo vumbi huinuka likamziba macho rubani, naye hana ruhusa ya kutua asipoona chini. Mwenye kumwaga maji ni mimi, Yonamine Chotoku, mkuu wa zimamoto ya kujitolea tangu nilipokuwa na nywele. Nalisema hili mapema ili msinidhanie mtu wa kusikia mambo dukani. Ninayoyasimulia niliyaona mpira wa maji ukiwa mkononi mwangu.

Ila habari yenyewe ni ya Ameku Kamado, aliyekaa mkabala na lango la shule, barabara tu katikati. Alipika chakula cha wanafunzi kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mtu mzima aliyekulia kisiwani, mwenye umri chini ya miaka sitini, alikula mkononi mwake, na yeye hakusahau nani aliacha nini kwenye sahani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu mzima na tai yake, alipokuwa akipita mbele ya nyumba ile alipunguza mwendo kama mtoto aliyebakisha mboga. Mimi aliniita Mficha Karoti mpaka siku ya mwisho, kwa sababu ya jambo nililolifanya nikiwa darasa la pili, na sikuona haja ya kukanusha kwa kuwa ni kweli.

Helikopta ikishapaa, sisi wa zimamoto tukikunja mipira yetu, Bibi Kamado alikuwa akivuka barabara kwa kandambili, amefunga aproni yake ya jikoni, mkononi kashika nguo ya mgonjwa aliyeondoka. Alichuchumaa pale machela ilipowekwa. Alipapasa vijiwe vya uwanjani kimoja kimoja, kama anayechagua mchele, mpaka apate vitatu. Alisema vijiwe hivyo huwa na joto. Kisha alimwita mgonjwa kwa jina, sauti ya kawaida tu, na kumtajia chakula anachokipenda: fulani, rudi, leo kuna viazi vitamu vya kukaanga, fulani, twende nyumbani, nimekupikia tofu na nguruwe, mafuta nimetoa.

Kwetu mtu akishtuka sana roho yake hudondoka, hilo halina ubishi. Mtoto akianguka baiskeli, bibi yake huenda na nguo kuiokota pale alipoangukia. Sasa mtu aliyefungwa kwenye ubao, juu yake lile dude linanguruma, mshtuko gani utauzidi huo? Mwili unapaa, roho inabaki mchangani. Bibi Kamado alisema madaktari wa upande wa pili ni watu wema, wanatibu kilichowafikia. Mawe aliyafunga ndani ya nguo na kuyaweka kwenye debe la mchele. Mwenyewe akirudi amepona, humvika nguo ile mabegani, humwekea mawe mapajani, na kumlisha matonge matatu ya wali. Asiporudi, mawe huenda pamoja na chungu cha majivu yake kwenye kaburi la ukoo.

Alianza kazi hiyo baada ya mumewe, Zenshu, kuchukuliwa na helikopta ya jeshi, zamani, kabla hizi za wagonjwa hazijaanza kuja. Alikwenda na hakurudi, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu cha kuokota. Majivu yake yako kaburini, lakini Bibi Kamado akipita kona ya uwanja iliyo karibu na tangi la maji, pale mumewe alipopakiwa, alikuwa akisalimia. Nilimcheka kwa hilo. Nilimcheka kwa mengi. Nilimwambia mke wangu Mitsu kwamba yule bibi amelikosa jiko lake, anatafuta watu wa kuwaita mezani, na Mitsu hakunisemesha mpaka jioni. Lakini nitasema jambo moja kama mtu wa maji: kona ile sikuwahi kuimwagia, wala sikuhitaji. Hata maji yalipopungua na helikopta ikatimua vumbi uwanja mzima, pale halikuinuka hata punje.

Siku iliyotuharibia ilikuwa ya mwezi wa kumi, wiki moja kabla ya michezo ya shule. Asubuhi alizidiwa Zenko, mdogo wake marehemu Zenshu, mkulima wa miwa wa miaka sabini na miwili. Alianguka shambani panga mkononi, mdomo umekwenda upande. Zenko nilimjua vizuri kuliko nilivyotaka. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, alikohoa kidogo kabla ya kila sentensi, na yeye peke yake duniani aliniita Bwana Maji, kwa kunikejeli, kwani alisema kazi yangu hata wingu linaiweza. Nilimwaga maji, helikopta ikashuka, ikamchukua.

Bibi Kamado alifika langoni na shati la Zenko, lakini mwalimu mkuu alikuwa tayari amewatoa watoto kufanya mazoezi ya kuvuta kamba. Mambo ya michezo kwetu hayachezewi. Bibi akasimama kando ya ua kusubiri wamalize. Alikuwa bado amesimama pale saa tano, niliposikia kipaza sauti cha ofisi ya kijiji kikitangaza tena kwamba uwanja uwe wazi, na simu yangu ikaita. Alikuwa daktari, na mgonjwa alikuwa Mitsu. Aliinama kuokota kikapu cha nguo, akasema kichwa kinapasuka, akalala chini.

Jua lilikuwa limeukausha uwanja kabisa. Nilifungua maji mpaka mwisho. Nilimwaga mara mbili ya kawaida, mpaka mchanga ukawa uji, kwa sababu nilitaka rubani aone kila kokoto. Bibi Kamado aliniita kutoka kando ya ua, akapunga lile shati, mimi nikadhani ananitakia heri. Mitsu aliwekwa pale pale alipowekwa Zenko. Nafasi ya msindikizaji alipewa binti yetu. Mimi nilibaki na mpira wa maji.

Baadaye Bibi alipita kwangu kuchukua blauzi ya Mitsu. Usiku ule sikumcheka. Kesho yake alinijia akaketi ukingoni mwa baraza, miguu imevimba, akaniambia moja kwa moja.

"Chotoku, nimeokota mawe sita. Matatu ya shemeji yangu Zenko, matatu ya mkeo."

"Vizuri, Bibi. Ahsante."

"Si vizuri. Maji yako yameyapoza yote. Sikuhisi joto lolote. Nimegawa kwa kubahatisha."

Kwa mara ya kwanza hakuniita Mficha Karoti. Nilitaka kusema kwamba kokoto ni kokoto, nikaishia kumsogezea kikombe cha chai. Mikono yake, ile iliyotupakulia chakula bila kumwaga hata tone, ilimwaga chai juu ya aproni.

Zenko alifariki siku ya nne. Majivu yake yalirudi kwa boti, mawe matatu yakatiwa kwenye kifuko, kifuko kikafungwa shingoni mwa chungu, na mlango wa jiwe wa kaburi la akina Ameku ukafungwa na kuzibwa kwa chokaa. Mitsu alirudi baada ya siku arobaini na mbili, akitembea kwa miguu yake. Daktari alisema ni bahati kubwa mno. Bibi Kamado alikuja na blauzi na mawe, akamvika, akamwekea mapajani, akamlisha. Mitsu akafungua kinywa, akatafuna matonge matatu. Halafu akakohoa kidogo na kusema:

"Chumvi imepungua, Bwana Maji."

Bibi aliliweka bakuli chini taratibu. Tulitazamana mimi na yeye. Mitsu alikuwa akijifuta mdomo kwa mkono wa kushoto.

Daktari alinieleza kwamba damu ikivuja kichwani mtu hubadilika. Anaweza kugeuza mkono, anaweza kupata kikohozi, tabia, hasira. Nilimsikiliza kwa sababu ni kijana mwenye elimu na hana ubaya. Lakini damu gani itakayomwamsha mke wangu alfajiri kunoa panga la miwa, yeye ambaye maisha yake yote alifanya kazi posta? Alilinoa kwa kushoto, ameegemea nguzo, kisha akaliweka chini kana kwamba amekumbuka hana shamba. Alipita katikati ya ng'ombe wa akina Ameku na wakamfuata. Usiku alilala chali kama mwanamume aliyechoka, nami nililala ukingoni mwa godoro langu mwenyewe, nikiona haya. Alikuwa mpole kwangu. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi, alikuwa na upole wa mgeni anayejua amekaa mno.

Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona. Mke wangu alikuwa hai na alikuwa amefungiwa kaburini kwa watu, na aliyefungulia yale maji ni mimi. Nilikwenda kwa Bibi Kamado nikamwomba tukalifungue kaburi.

"Unalijua sharti lake," alisema. "Halifunguliwi ila kuna anayeingia. Ukilifungua bure, linajitafutia wa kuingia, nalo halichagui. Tuna watoto wadogo kwenye ukoo."

"Sasa nifanye nini, Bibi?"

"Usubiri. Anayefuata kwa umri ni mimi, na moyo wangu mbovu. Hutasubiri sana." Akacheka, akanisukumia sahani ya viazi na karoti. "Siku hiyo uingie na yale mawe yaliyo kwako, ubadilishe. Nimeshamwambia mtoto wa Zenko, hatakuzuia. Nawe kula hizo karoti."

Pengine angenyamaza ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo nilianza kumtazama kama mtu anavyolitazama papai la jirani. Nikimwona anavuka barabara, nilihesabu mara ngapi anasimama kupumua. Aliponiambia anajisikia vizuri, nilijibu ahsante Mungu, na moyoni sikushukuru. Sijivunii. Alikuwa amenilisha miaka sita, na mimi nilikuwa nikisikiliza kifua chake kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye alijua. Alikuwa akinipungia mkono kutoka dirishani, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba boti bado haijaonekana.

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa tatu, asubuhi yenye jua na upepo mkavu. Kipaza sauti kikatangaza. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi alikuwa bandarini, hivyo nilifika uwanjani peke yangu na gari. Nilitandaza mpira, nikawasha pampu, nikashika koki. Gari la zahanati lilikuwa limesimama langoni, mlango wa nyuma wazi, Bibi Kamado amelazwa humo na barakoa ya hewa usoni. Daktari alikuwa ameinama juu yake. Nilihitaji dakika sita kuulowanisha uwanja, na helikopta ilikuwa imebakisha nane.

Sikufungua koki.

Nataka niseme kwamba iligoma. Ndivyo nilivyomwambia daktari. Lakini koki ilikuwa nzima, nimeipaka mafuta mwenyewe. Nilisimama tu nikiusikia mlio wa pampu, na nilichokiwaza ni mlango mmoja wa jiwe wenye chokaa. Bibi alikuwa akinitazama juu ya barakoa. Hakuniashiria ndiyo, hakuniashiria hapana. Nilitafuta machoni mwake ruhusa, nikakuta ananitazama kama zamani, alipokuwa akisubiri nimalize sahani, na hana haraka. Kando ya ua alisimama Mitsu, mikono nyuma, kwa namna ya Zenko.

Helikopta ilikuja, ikazunguka. Ikazunguka tena. Vumbi lilianza kuinuka kila mahali isipokuwa ile kona ya karibu na tangi. Daktari alinipigia kelele, nikaitikia kwamba koki imekwama, nikasikia uongo wangu ukitoka kwa sauti kubwa ya mtu mwaminifu. Mzunguko wa tatu nilifungua. Maji yalitoka kwa nguvu mpaka karibu yaniangushe. Kwa saa yangu, nilikuwa nimesimama dakika kumi na mbili.

Walimpakia, wakapaa. Alifariki juu ya bahari, kabla hawajaiona pwani ya kisiwa kikuu. Daktari aliniwekea mkono begani akasema moyo ule ulikuwa umeshachoka, hata wangemfikisha mapema ingekuwa vilevile. Hakuuliza habari ya koki. Namshukuru, na pia namlaumu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna wa kumwokotea. Watu walisimama ukingoni mwa uwanja wakitazamana, maana miaka yote hiyo kazi ilikuwa yake na hakuna aliyejifunza. Nilivua kofia ya zimamoto, nikachukua aproni yake kwenye gari la zahanati, nikachuchumaa. Nilipapasa. Mchanga ulikuwa wa baridi, maji yangu yalikuwa yametuama, lakini jiwe la kwanza nililoligusa lilikuwa moto kama yai lililotoka kuchemshwa. Na la pili. Na la tatu. Nililia mbele ya watu bila kujificha.

Sasa nikatakiwa nimwite. Kamado, nikasema, rudi, twende nyumbani, leo kuna. Nikakwama. Kuna nini? Alikuwa ametulisha sisi sote, anajua nani hali kitunguu na nani anapenda ngozi ya samaki, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kujua yeye anapenda nini. Niliinua kichwa nikawauliza watu, nao wakatazama chini. Mwalimu mkuu alisema labda tofu. Hakuna aliyemuunga mkono.

Nyuma yangu mtu alikohoa kidogo.

"Ukoko," alisema Mitsu. "Ukoko wa wali, wa chini ya sufuria. Alipokuja bibi harusi nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa tukiukwangua pamoja jikoni, mama asituone."

Mitsu alizaliwa kisiwa kingine. Alikuja Iribaru akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Niligeuka, nikamwita Bibi kwa ukoko, nikafunga mawe kwenye aproni.

Kaburi lilifunguliwa wiki iliyofuata. Mtoto wa Zenko alisimama kando, akanipisha. Niliingia nimeinama, nikaifunga aproni kwenye chungu cha Bibi Kamado, nikatoa kifuko kwenye chungu cha Zenko na kuweka kingine. Mawe niliyoyatoa yalikuwa makavu na mepesi. Nilitembea nayo hadi nyumbani nikiyakumbatia kifuani, na nilijiambia jambo moja njia nzima. Nilijiambia kwamba aliyesimama kando ya ua siku ile alikuwa Zenko, macho yalikuwa ya Zenko, na Zenko sasa amefungiwa kaburini pamoja na alichokiona.

Nilimvika Mitsu blauzi yake. Nilimwekea mawe mapajani. Nilimlisha tonge la kwanza, la pili, la tatu. Alitafuna polepole. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akachukua vijiti mwenyewe, akala wali wote uliobaki kwenye bakuli, na mimi nikiangalia ule mkono sikuweza kujizuia, nikaweka paji la uso wangu kwenye goti lake. Alinipapasa kichwani, pale ambapo nywele zilikuwa. Ni yeye tu hupapasa pale.

"Umekonda, baba," alisema, kwa sauti yake, bila kikohozi.

"Umerudi," nikasema.

"Nimerudi." Mkono wake bado uko kichwani pangu. "Chotoku, koki ilikuwa na nini siku ile?"

Hajaniuliza tena. Sasa ni yeye anayeokota mawe. Debe la mchele liko jikoni kwetu, na anajua vyakula vya watu kuliko hata alivyovijua Bibi Kamado, kwa kuwa huwauliza wakiwa bado wazima. Lakini yeye hasubiri helikopta ipae, kama alivyofanya Bibi. Kipaza sauti kikitangaza tu, anatangulia, anasimama ndani ya ua na nguo ya mgonjwa mkononi. Helikopta haitazami, wala machela. Anatazama mkono wangu ulioshika koki, mpaka maji yatoke.